Vistari Viwili Mbele ya Kwao

Python ilinidanganya, na ilinidanganya mbele ya watu. Nasema mapema ili usije ukafikiri unasoma habari za msichana mwerevu aliyependa kompyuta akapewa cheti na kupigwa picha na mwalimu mkuu. Wapi! Hizi ni habari za msichana mwenye mdomo, aliyesimama mbele ya shule nzima akaahidi kitu kwa sauti kubwa, halafu akashinda kwenye maabara ya kompyuta akipigana na vistari viwili vidogo ambavyo hata havikuwa vimemkosea.

Nilikuwa kidato cha tatu, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Si ule uchaguzi uliochoma nyumba na maduka. Huu ulikuwa mwingine. Lakini Eldoret ukitaja uchaguzi bila kueleza ni upi, mtu mzima huangalia kwanza mlango uko wapi.

Shule yetu ya bweni ilikuwa nje ya mji, katikati ya mahindi, mahali ambapo baridi ya asubuhi ilikuamsha kabla ya kengele. Tulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeianzisha na kila mtu aliifuata. Siku ya kufungua shule, wasichana waliteremka na magodoro kichwani na kukimbia, mbio kabisa, kila mtu akitafuta kitanda karibu na mtu anayeongea lugha ya kwao. Hakuna aliyesema ndiyo sababu. Ungesikia tu, "Hapa kuna mtu, hapa kuna mtu," na huyo mtu hayupo, bado yuko njiani anatoka Sugoi na mzazi wake. Kufikia jioni kila bweni lilikuwa kijiji. Mimi ndiye niliyeyapa majina. La kwetu niliita Omena, wale dagaa wadogo, kwa sababu siku ya wageni lilinuka Ziwa lote, na la pili nikaliita Maziwa Lala. Hayo mengine tuyaache, kwa sababu wenyewe wanaweza kusoma hapa.

Mwaka ule Deputi, naibu wa mwalimu mkuu, alisema basi. Alikuwa mama mfupi mwenye filimbi shingoni, na alikuwa akiipuliza hata ndani ya nyumba.

"Mwaka huu," alisema kwenye gwaride, "mtachanganywa kama mahindi na maharagwe ya githeri. Sitaki bweni la watu wa huku na bweni la watu wa kule. Na sitawachanganya kwa mkono yangu, mseme nimependelea. Kompyuta itawachanganya."

Halafu akageukia upande wa klabu ya kompyuta, mahali nilipokuwa nimesimama nikimwigiza.

"Wewe. Acha kutingisha shingo. Nyinyi ndio mnamaliza stima ya shule na mchezo wa nyoka. Mtaniandikia hiyo programu."

Mpango wake ulikuwa rahisi. Kila msichana angeandika jina lake, kidato chake, na kwao: kwao kabisa, kule babu alikozikwa, si mahali baba anapopanga nyumba. Mashine ingeangalia kwao na kuhakikisha hakuna bweni linalojaa watu wa upande mmoja. Nilifurahi. Nilikuwa nimeshatunga hata jina la bweni jipya.

Aliyenitoa furaha ni deskie wangu, yaani yule niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Siku ya magodoro yeye hakukimbilia kijiji chochote, alichukua kitanda kilichobaki, jirani na changu. Deskie wangu alikuwa na majina mawili, na yote mawili ya kanisani. La tatu hakuwa nalo. Si kwenye sare, si kwenye daftari, si kwenye rejista. Nilijua baba yake alikuwa na duka la misumari na mabati Cheptiret, kando ya barabara kuu, na kwamba liliungua ile Januari baada ya kura, wakahamia chumba kimoja mtaa wa West Indies, hapo mjini, si mbali na kwetu. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Kiswahili chake hakikuwa na lafudhi hata kidogo, kama mtu aliyezaliwa ndani ya redio. Kidato cha pili nilimwambia ahesabu moja hadi kumi kwa lugha ya mama yake nimpe mandazi yangu. Akahesabu kwa Kifaransa cha darasani, akachukua mandazi.

Siku ile ya tangazo nilimkuta mferejini akifua soksi ambazo tayari zilikuwa safi.

"Wewe ndio unaandika hiyo kitu?" akauliza.

"Mimi na klabu. Mbona?"

"Basi niandikie kwetu ni mwezini."

"Mwezini hatuna bweni."

Hakucheka. Akakamua soksi mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Sikiza. Nimempigia baba na simu ya matroni. Amesema siku karatasi itatoka kwa hii shule ikiwa na jina langu hapa na kwetu hapo kando, siku hiyo hiyo anakuja na boda kuchukua sanduku yangu. Sirudi."

"Aki si ni Deputi tu ataiona?"

"Kule Cheptiret kuna jamaa alipita duka kwa duka kabla ya kura akiandika majina ya wenye maduka. Akasema ni mambo ya maji. Na yeye pia alisema ni yeye tu ataiona."

Mdomo wangu haukungoja, na kabla sijafikiri vizuri nikasema, "Nitaifunga."

"Utaifunga aje?"

"Na kompyuta. Kuna njia."

Gwaride lililofuata nikaomba ruhusa ya kueleza programu, nikapanda jukwaani na kutangaza kwamba hayo mambo ya kwenu yataingia kwenye mashine na hayatatoka. Hata mimi mwenye kuandika sitayaona. Hata Madam Deputi hatayaona, na filimbi yake pia. Shule ikacheka. Deskie wangu alikuwa mstari wa nyuma. Aliniangalia kama mtu anayeangalia daraja la mbao kabla ya kulikanyaga.

Sasa nikueleze hiyo njia, na usiogope, si ngumu.

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa kijana wa chuo kikuu aliyekuja kufanya mazoezi ya kufundisha, mwembamba, mwenye sweta moja. Alitufundisha kwamba kwenye Python, ile lugha ya kuandikia programu, unaandika mfano mmoja unaoitwa klasi. Yetu iliitwa Mwanafunzi. Kutoka kwa huo mfano unatengeneza vitu, na kila kitu kina sifa zake. Ukiambia wasichana wa kidato cha tatu kwamba wao ni vitu vyenye sifa, kipindi kimeisha, lakini alivumilia. Kila msichana alikuwa na sifa ya jina, sifa ya kidato, sifa ya bweni na sifa ya kwao. Ukitaka kujua kwao msichana unaandika msichana, unaweka nukta, unaandika kwao. Nukta moja tu, na mashine inasema kila kitu bila aibu.

Lakini, akasema mwalimu, ukiweka vistari viwili vya chini mbele ya sifa, ikawa __kwao, mtu wa nje haisomi tena. Nikajaribu. Nikajiingiza mwenyewe kama mwanafunzi, kwao Ziwani, nikaandika nukta na __kwao. Mashine ikanijibu kwa herufi nyekundu kwamba kitu hiki hakina sifa kama hiyo.

Nilipiga vigelegele mpaka mpishi akaja kuchungulia dirishani. Ilikuwa imekataa! Ilikuwa imeniangalia machoni, mimi mwenyewe niliyeiandika, ikasema sijui unaongea juu ya nini. Hata mama yangu hajui kudanganya vizuri hivyo. Nikamleta deskie wangu aone.

Pale maabara alikuwepo pia msichana mwingine wa klabu. Babake ana malori ya mizigo yanayopanda hadi kaskazini, na duka la vitambaa mjini, na yeye mwenyewe alikuwa mpole hivi, na hijabu yake nyeupe, mpaka umpe kiibodi. Tulimwita Binti wa Malori. Alikuwa akila mandazi.

"Iko poa," akasema. "Sogea kidogo."

Akaandika msichana, nukta, kistari kimoja cha chini, Mwanafunzi, halafu __kwao. Akabonyeza. Ziwani, ikasema skrini.

"Kwenu ni Ziwani," deskie wangu akasoma kwa sauti. "Hiyo tulijua. Unanuka omena."

Tukacheka wote watatu. Halafu deskie wangu akaacha kucheka kabla yetu.

"Na yangu ingetoka hivyo hivyo?"

Binti wa Malori aliangalia mandazi yake. Mimi niliangalia vistari vyangu viwili. Vilikuwa bado vimesimama pale mbele ya neno, kama askari wa geti aliyelala.

Nilimfuata mwalimu hadi chumba cha walimu nikiwa na hasira ya mtu aliyeuziwa kipande cha sabuni ndani ya kasha la simu.

"Mwalimu, ulisema inafunga."

"Nilisema mtu wa nje haisomi kwa njia ya kawaida," akajibu, akitabasamu. "Ile vistari haifichi kitu. Inabadilisha tu jina, inaongeza jina la klasi mbele. Ni kumwambia mwenzako tafadhali usiguse. Hii lugha inaamini sisi sote ni watu wazima."

"Watu wazima! Mwalimu, hii ni Eldoret. Watu wazima ndio walichoma."

Sweta ilipanda ikashuka. Mwalimu mwingine akaanza kusahihisha daftari lililokuwa limefungwa. Nikaondoka kabla Deputi hajasikia.

Usinicheke, lakini ile habari ya kuongeza jina mbele ilinichoma kuliko kitu chochote. Kumbe sifa haikuwa imefichwa. Ilikuwa imehama mtaa tu na kubadilisha jina, na anayejua ilikotoka anaipata mara moja.

Ile Januari nilikuwa darasa la pili. Tulikuwa Nakuru kwa shangazi, na nyumbani ni West Indies, na baba aliogopa kupoteza kazi, kwa hivyo tukarudi kwa pikapu ya rafiki yake. Cheptiret kulikuwa na magogo barabarani, na mawe, na vijana. Walikuwa vijana wa kawaida kabisa, mmoja amevaa jezi ya mpira. Akainama dirishani.

"Kitambulisho, mzee."

Baba akampa. Yule kijana akasoma kwa kidole. Nakumbuka kidole. Kilipita jina la kwanza bila kusimama, kikapita la pili, kikasimama kwa la tatu. Kikakaa hapo.

"Nyinyi piteni," akasema. "Siku njema, mama."

Akamwambia mama yangu siku njema! Nyuma yetu kulikuwa na gari dogo jeupe, na kidole kikaenda kwa dirisha lake. Niligeuka kutazama. Mama akanishika kichwa akakigeuza mbele, kama mtu anayefunga mtungi. Gari lile sijui liliishia wapi. Mama hajui, au anajua na hajasema. Kuanzia siku hiyo alitufundisha, mimi na ndugu zangu, kwamba ukiulizwa jina unasema moja. Ukiulizwa la pili unasema unaitwa na mama.

Kwa hivyo nilielewa vizuri sana nukta moja inafanya nini. Mtu anasimama mbele yako, anauliza sifa moja tu, na maisha yako yote yanaenda kulia au kushoto. Sisi ilituambia piteni. Ndiyo sababu sikuwa na haki ya kuchoka.

Lakini nilichoka. Nilijaribu kila kitu mwalimu alichojua na vingine alivyoviokota kwenye simu yake. Kwanza nilitengeneza mlango wa kupitia. Yaani mtu akiuliza kwao, programu inamjibu, "Muulize mama yako." Nilijipenda sana kwa hiyo. Binti wa Malori akazunguka nyuma ya mlango, akaomba kitu kimwage sifa zake zote kwa pamoja, na Ziwani ikaanguka mezani kama sarafu iliyotoboa mfuko.

"Mlango ni mzuri," akasema. "Ukuta hakuna."

Nikaandika kwamba sifa yoyote ikiulizwa, yoyote, programu ikatae. Ikakataa vizuri mno. Ilikataa hata kujiambia yenyewe, ikajiita, ikajikataa, ikajiita tena, mpaka mashine ikapiga kelele kwa feni na kuanguka. Mwalimu akaniuliza kama nimeelewa nilichofanya. Nikamwambia nimeelewa, nimetengeneza Deputi.

Nikafunga neno kwa nywila. Lakini nywila yenyewe ilibidi ikae ndani ya faili ile ile, kwa sababu programu iliihitaji ili isome. Hiyo ni sawa na kufunga sanduku la bweni kwa kufuli na kubandika ufunguo juu na gundi. Binti wa Malori hata hakuweka mandazi chini. Alitumia mkono mmoja.

"Wewe uko upande gani?" nikamfokea.

"Upande wake," akasema, akimwonyesha deskie wangu kwa kidevu. "Nisipoifungua mimi hapa, kuna mwingine ataifungua huko."

Ukitaka kujua hasira ni nini, pigana na mtu mwenye ukweli.

Deskie wangu alikuja maabara kila jioni baada ya madondo, yale maharagwe ya shule. Aliketi kwenye kiti cha kona akiandika kazi yake ya Historia, na kila Ziwani ilipotokea kwenye skrini aliinua macho mara moja, halafu akarudi kwa daftari. Ningependa angenitukana.

Halafu Deputi akaja kukagua.

"Onyesha."

Nikaonyesha. Nikaingiza wasichana wa uongo, mashine ikawagawa, kila bweni likapata mchanganyiko wake. Akaridhika. Akavuta kiti.

"Vizuri. Sasa niprintie orodha. Jina, bweni, na kwao."

"Madam, kwao haitaprintiwa."

"Nani amesema?"

"Mimi, Madam. Mbele ya shule yote."

"Wewe ni nani?"

Nilitegemea apulize filimbi. Badala yake akaivua shingoni na kuiweka mezani, na bila filimbi alionekana mtu mwingine, mtu aliyechoka.

"Sikiza, mtoto. Mwaka ule shule zilifunguliwa moto haujazima. Nilikuwa mwalimu mdogo kwa shule nyingine. Ikaanza tena, nikaambiwa, panda lori na wasichana, peleka makwao. Lori imejaa. Sijui huyu nikimpitisha hapa atapita, na huyu je? Sijui! Nilikuwa nawauliza mmoja mmoja wakilia. Nikasema sitarudia hiyo. Nataka nijue mapema nani ni nani."

Sasa hebu niambie ungejibu nini. Mimi nilikuwa nimejiandaa kupigana na mkoloni, na hapa nimeletewa mama aliyeogopa kwa niaba yetu. Karatasi ile ile ambayo ingemwokoa msichana kwenye lori ndiyo ingemtoa deskie wangu shuleni. Nilitaka kurusha kiibodi dirishani, na dirisha lilikuwa na vyuma.

"Siku hiyo utuulize, Madam."

Ilitoka kwenye kona. Deskie wangu alikuwa amesimama na kalamu mkononi.

"Ukituuliza siku hiyo, tukiwa kwa lori, nitakuambia wewe nipite wapi. Nitakuambia kwa masikio. Lakini isikae mahali ikingoja."

Deputi akamgeukia, na mazoea ni mabaya, kwa sababu kitu cha kwanza kilichomtoka kilikuwa, "Kwani wewe ni wa wapi?"

"Saa hii, Madam, ni wa kidato cha tatu."

Nilifunga macho nikingoja kofi. Nilipoyafungua Deputi alikuwa ameichukua filimbi yake na anazungusha kamba yake kwenye kidole, polepole.

"Mchanganye kwanza," akaniambia. "Jumamosi nataka mabweni. Hiyo ya karatasi nitafikiria." Akaenda. Kwa hivyo haikuwa ndiyo wala hapana, na Jumamosi ilikuwa inakuja.

"Atafikiria," nikasema. "Na mimi sina ukuta. Ataingia tu aombe mtu kama huyu," nikamwonyesha Binti wa Malori, "amfungulie."

Binti wa Malori alikuwa akiangalia programu yangu tangu Deputi atoke. Akagusa mstari mmoja kwa kidole chenye sukari.

"Mbona unaiweka?"

"Nini?"

"Kwao. Hapa unaichukua, unaiweka kwa kitu. Unaiweka ya nini?"

"Si ndio mashine ichanganye!"

"Lori ikipakiwa kwetu," akasema, "lazima uzito ukae sawa, isilale upande ikipiga kona. Mpakiaji anainua gunia, anasikia uzito, anaangalia wapi pako nyepesi, anaweka hapo. Basi. Haandiki kwa gunia. Gunia yenyewe ikishuka haijui ilikuwa nzito aje."

Mwalimu wa sweta aliposikia akasema, "Ah," na akavuta kiti.

Ikawa hivyo. Nilifuta vistari vyote viwili. Nilifuta sifa ya kwao yenyewe. Msichana mpya akiingia, programu ilisikia neno lake, ikaangalia bweni gani lina watu wachache wa upande huo, ikamwandikia bweni, na neno likaachwa lianguke. Ilibaki na hesabu ya kila bweni tu, bila majina, na hiyo nayo ilifutwa mtu wa mwisho akimaliza. Binti wa Malori alikaa mbele ya mashine jioni nzima akitafuta. Hakupata kitu. Kwa mara ya kwanza aliyaweka mandazi chini akatumia mikono yote miwili, na bado hakupata.

Ningefurahi, ila nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimejenga milango, kufuli na mitego, na kazi yote ilikuwa ni kutoiweka.

Jumamosi shule nzima ilipanga foleni nje ya maabara. Mashine iligeuzwa, mgongo wake kwa watu. Kila msichana aliingia peke yake. Mimi nilisimama ndani, kwa sababu mashine ile huganda na lazima mtu awepo wa kuipiga kofi, lakini nilisimama nikiangalia ukuta, kama nilivyoahidi. Deputi alikuwa mlangoni.

Deskie wangu alipoketi, nilimjua kwa viatu. Alikaa muda. Nikasikia vidole vikigonga kidogo, halafu kile kitufe kirefu cha kufuta, halafu vidole tena. Ndipo nikagundua kwamba kwa masikio ningeweza kujua neno lina herufi ngapi, na nikijua hivyo, mimi na mdomo wangu, ningeanza kukisia. Kwa hivyo nikaanza kukariri jedwali la kuzidisha kwa saba kwa sauti ya mhubiri wa soko.

"Wewe umeingiwa na nini?" Deputi akaita.

"Hisabati, Madam!"

Nilifika mahali ambapo huwa nakosea, nikakosea, nikaendelea. Nyuma yangu viatu vilisimama vikatoka.

Jioni orodha ya mabweni ilitoka kwenye printa. Jina na bweni, basi. Deputi aliisoma karatasi ile mara kadhaa akitafuta safu ya tatu. Halafu akachukua pini akaibandika mwenyewe, na sikusikia boda yoyote ikiingia getini.

Nami nilitafuta jina langu. Nilikuwa bweni la juu, kitanda karibu na dirisha lisilofungika, chini ya msichana anayesaga meno. Deskie wangu alikuwa bweni la mwisho kabisa, upande wa pili wa uwanja. Tangu kidato cha kwanza tulikuwa tunasikia pumzi za kila mmoja. Programu yangu mwenyewe!

Nilikimbia maabara kuiuliza kwa nini. Labda tulihesabiwa upande mmoja, ndiyo maana ikatutenga. Labda hapana, ni bahati mbaya tu. Nilimwita kwa jina lake la kanisani, nikaweka nukta, nikaandika kwao. Hana sifa hiyo. Nikaongeza vistari. Hana. Nikaongeza jina la klasi mbele. Hana. Nikaamuru kitu kimwage kila kilicho nacho. Kikamwaga jina, kidato, bweni. Nikakipiga kofi. Jina, kidato, bweni.

"Umepata?"

Alikuwa mlangoni, godoro kichwani, akiburuta sanduku kwa mguu.

"Hakuna kitu," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Tafuta tena."

Nikatafuta tena, mbele yake, hila zote za Binti wa Malori moja baada ya nyingine, na kila moja ikarudi na herufi nyekundu. Yeye alisoma kila jibu mpaka mwisho. Halafu akashusha pumzi, ndefu, akasogeza godoro kichwani likae vizuri.

"Kuja unishikie hii sanduku. Ni mbali."

Tukavuka uwanja, yeye mbele na mimi nyuma, upepo ukivuma kutoka kwa mahindi na kuniingia kwenye meno. Nililalamika njia nzima. Nililalamika juu ya dirisha, juu ya msagaji meno, juu ya Python, juu ya malori.

"Wewe uliandika wapi?" akauliza bila kugeuka.

"Ziwani. Kila mtu anajua."

"Mimi niliandika ukweli."

Nikasimama. Sanduku likagonga chini upande wangu.

"Ukweli gani?"

"Inua, bana," akasema. "Inaburuta."